Kengele ya Ngamia kwenye Baiskeli ya Serikali

Kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili ambayo watu wa Garissa wamezoea kuyakoroga katika sufuria moja: niliyoyaona na niliyoyasikia. Nimesikia kwamba ngamia arobaini waliifukuza baiskeli yangu hadi ndani ya afisi ya mkuu wa wilaya. Nimesikia kwamba baiskeli hiyo ilikuwa na jini. Nimesikia, tena kutoka kwa mtu aliyezaliwa muda mrefu baada ya tukio lenyewe, kwamba siku hiyo nilikuwa nimevaa kanzu ya kijani. Sijawahi kumiliki kanzu ya kijani. Nilichokiona kwa macho yangu ni ngamia saba, boma moja la miiba, sajini mmoja aliyenyimwa usingizi, na Mzee Bishar, ambaye, kama mambo yangeenda mrama asubuhi ile, angerudi kwa watoto wake bila mnyama hata mmoja wa kukamua. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza. Anayemtaka jini amtafute kwingine.

Nyinyi vijana mnaofungua karakana za pikipiki kila penye kivuli, na kubandika vioo sita mahali panapotosha viwili, mnanijia mkiniuliza baiskeli inaandaliwaje kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi kila siku. Nitawajibu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka shule ya ufundi huko pwani hadi serikali iliponishukuru na kunionyesha mlango. Lakini mjue kwamba niliyoyajua kabla ya Garissa yangetosha kujaza kisanduku cha kiberiti. Nilihamishiwa huko mwaka ule nchi ilipopata uhuru, na vita vya waliotaka kujitenga vikaanza kabla sijamaliza kufungua sanduku langu la nguo.

Karakana ya serikali ilikuwa upande wa mto. Nyumba zetu watumishi zilikuwa upande wa pili wa mji. Kazi yangu ilikuwa kuziandaa baiskeli za walimu, wauguzi, makarani na watu wa maji. Zilifika juu ya lori, zote nyeusi, zote za kimo kimoja, kana kwamba serikali ilikuwa imeajiri mtu mmoja na kumnakili. Msimamizi wangu alikuwa Fundi Harun, Mbajuni mwembamba, mkali, aliyeamini kwamba kila ugonjwa wa baiskeli husikika kabla haujaonekana. Aliinamisha sikio kwenye ekseli kama tabibu kifuani pa mgonjwa. Siku yangu ya kwanza aliniagiza nimwandalie karani mmoja kiti cha baiskeli. Nikatoa futi, nikapima mguu wa karani, nikaandika namba, nikagawanya.

"Umemaliza hesabu?" akaniuliza.

"Nimemaliza, bwana."

"Sasa mpandishe. Aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Goti likinyooka, kaza nati. Likipinda, pandisha kiti. Kisigino kikining'inia, shusha. Ukimpima na futi tena nitakupeleka kwa fundi cherehani ukamshonee suruali."

Nimewaandalia watu viti kwa njia hiyo maisha yangu yote, na sijamwona hata mmoja aliyerudi akilia magoti.

Jambo la pili ni miiba. Mtu ambaye hajaendesha baiskeli katika nchi ile hajui mwiba ni nini. Anajua vijiti tu. Alikuja mwalimu mmoja kutoka bara, Mwalimu Njeru, na baiskeli yake mwenyewe aliyoipamba kwa mshahara wa kwanza: taa mbili, vioo viwili, maua ya plastiki kati ya spoku, na shada za nyuzi nyekundu kwenye vishikio vya usukani. Ilifanana na bibi harusi aliyepotea njia. Wiki haikuisha akaja karakanani akiisukuma, magurudumu yote mawili yamelala, maua yamebaki mashina.

"Fundi," akasema, "nimeziba pancha mpaka sasa naziba viraka."

"Na hizi shada ni za nini, mwalimu?"

"Ni za urembo."

"Mbuzi wamekula za upande wa kulia."

"Nimewaona," akasema kwa huzuni ya kweli.

Nilimfanyia dawa ambayo Fundi Harun alinifundisha, na ninawapa nyinyi bure. Chukua tairi kuukuu, ukate kingo zake zenye waya, ubaki na ule utepe wa katikati. Uupachike ndani ya tairi zima, kati ya tairi na mpira wa ndani. Kabla hujaupachika, chonga pande zake kwa kisu mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, la sivyo zitausaga mpira, nawe utamlaumu mwiba asiye na hatia. Upepo usijaze mpaka tairi liwe jiwe. Penye mchanga tairi gumu huchimba kama jembe. Liache libonyee kidogo chini ya kidole gumba. Na mchana usiiegemeze baiskeli juani huku wewe umekaa kivulini unakunywa chai, kwa maana solusheni, ile gundi ya viraka, huyeyuka na kiraka hutambaa kwenda kinakotaka.

Mnyororo nao una adabu zake. Vijana huumwagia mafuta kama wanaokaanga viazi. Mafuta mengi huukaribisha mchanga, na mchanga ukishakaribishwa hauondoki. Unasaga meno ya gia mpaka yanakuwa makali kama ya papa. Osha mnyororo kwa mafuta ya taa, upanguse, tia tone moja kwenye kila kiungo, kisha upanguse tena mpaka uone kama umeharibu kazi yako. Hapo ndipo utakuwa umeimaliza.

Kwa mbinu hizo niliiandaa baiskeli yangu mwenyewe. Niliondoa kila kilichogonga, nikakaza kila kilichotikisika, nikabadilisha gololi, nikapaka grisi. Ilipokamilika haikutoa sauti yoyote. Fundi Harun aliinamisha sikio, akasikiliza, akanyanyuka bila kusema neno. Kutoka kwake hiyo ilikuwa shahada. Kesho yake alfajiri nilitoka nyumbani kwenda kazini nikiteleza kama mafuta, nikijiona fundi mkuu wa ulimwengu, nikafika kwenye kizuizi cha askari kilichokuwa kati ya nyumba zetu na mto, na jambo la kwanza nililolisikia asubuhi hiyo lilikuwa mlio wa bunduki ikikokiwa.

"Simama! Mikono juu! Nani huyo anatembea kama paka?"

Kuinua mikono ukiwa juu ya baiskeli ni jambo rahisi kwa mtu wa sarakasi. Nilianguka. Nikiwa chini nikasema mimi ni fundi wa serikali.

Aliyekuwa akisimamia kizuizi hicho aliitwa Sajini Nzioka, Mkamba mwenye mabega mapana, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Alinimulika, akaimulika baiskeli, akaizungusha pedali kwa mkono. Haikulia.

"Wewe ndiye umeitengeneza hivi?"

"Ndiyo, bwana Sajini."

"Kwa nini?"

Hilo swali hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

"Sikiza, fundi. Vijana wangu wana woga, na mtu mwenye woga anafunga macho akipiga risasi. Kuanzia leo nataka nikusikie kabla sijakuona. Nikikuona kwanza, hiyo ni shauri yako na Mungu wako."

Basi, vijana, andikeni hili mbele ya mengine yote: baiskeli huandaliwa kwa ajili ya njia itakayopita, na askari aliye njiani ni sehemu ya njia.

Nilifunga kengele ya chuma. Siku mbili za kwanza ililia vizuri. Kisha vumbi liliingia kwenye springi yake ndogo, ikaanza kutoa sauti ambayo siwezi kuiandika kwa herufi za heshima. Nikaifungua, nikaiosha, nikaifunga, vumbi likarudi. Nilikuwa nimeinama nikiiosha kwa mara ya sijui ngapi pale Mzee Bishar alipoingia karakanani.

Mzee Bishar alikuwa mfugaji, na Kiswahili chake kiliigeuza kila p kuwa b. Miaka ile serikali ilikuwa imewakusanya watu wa maboma katika kijiji kimoja chenye ua wa miiba, nje kidogo ya kizuizi, na haikuwaruhusu kuchunga mbali. Yeye alikuwa amebakiwa na ngamia majike sita. Mkewe, Halima, alileta maziwa mjini, na watoto wao walikula kwa maziwa hayo. Hapakuwa na kingine. Mzee mwenyewe alikuja kwetu mara kwa mara kuomba mabaki ya tairi ya kushonea viatu. Siku hiyo akasimama juu yangu, akaisikiliza kengele.

"Fundi, hii nini? Mbuzi nakohoa?"

"Ni kengele, mzee."

"Kengele? Wallahi, askari nasikia hii nafikiri wewe nasaga meno. Utabigwa risasi, na mimi nitatoa wabi tairi ya viatu?"

"Naona umenihurumia sana."

"Nahurumia viatu," akasema, akaketi juu ya debe.

Alirudi kesho yake na kitu kimefungwa katika shuka. Kilikuwa koor, kengele ambayo Wasomali humvisha ngamia anayeongoza wenzake. Huchongwa kwa mti, na ndani yake huning'inia vijiti viwili vya mti vilevile. Haina springi, haina bolti, haina mahali pa vumbi kukaa. Ukiitikisa haipigi kelele. Inazungumza, kwa sauti nzito ya chini inayokwenda mbali. Ilikuwa ya ngamia wake mkongwe aliyekufa wakati wa kiangazi.

"Kwa nini hukumvisha mwingine?" nikamuuliza.

"Nani? Binti yake ndiye mkubwa sasa, lakini hana akili ya kuongoza. Anaangalia bunda, anaangalia ndege. Siku akili nafika, nitakuja kuchukua. Sasa vaa wewe."

Nikambadilishia kwa utepe wa tairi wa jozi mbili za viatu. Kisha ikaja kazi ya kuifunga. Kwanza niliining'iniza kwenye usukani. Ikanigonga magoti kila nilipokunja kona. Nikaihamishia kwenye keria, ikalala chali kama mlevi na kunyamaza. Nikaifunga kwenye bomba la fremu, ikaingia kwenye spoku na kunikatia tatu. Mwishowe niliifunga kwa ukanda wa ngozi mbichi chini ya kiti, kwenye springi za nyuma, ikaelea wazi kati ya kiti na madigadi. Hapo kila pedali ilipozunguka mwili uliyumba, kiti kikayumba, na koor ikasema neno lake. Ukitaka kufunga chochote cha kuning'inia kwenye baiskeli, kifunge panapoyumba mwendeshaji, maana mashine nzuri haiyumbi.

Fundi Harun alitazama, akafunga macho kama aliyeona maiti ya ndugu yake. "Mwaka mzima nakufundisha kuondoa kelele," akasema, "nawe umekwenda kununua."

Askari wa kizuizi waliipenda. "Fungueni, ngamia wa serikali anakuja!" walipaza sauti nikiwa bado mbali. Mjini wakaniita Fundi Koor, jina ambalo halijanitoka hadi leo. Na nilipopita karibu na kijiji niliwaona ngamia wa Mzee Bishar wakiinua vichwa na kunitazama. Niliamua kwamba ngamia ni mnyama mwenye udadisi, nikaishia hapo. Sikuwa na sababu ya kuamua zaidi.

Kisha ngamia wale wakachukuliwa.

Jinsi walivyochukuliwa sikuona, kwa hiyo siielezi. Niliambiwa kwamba walivuka mpaka wa malisho na doria ikawakuta pamoja na ngamia wa watu wengine wengi. Nilichokiona ni boma jipya la miiba kando ya kizuizi, limejaa ngamia wamesongamana, na mbele ya hema la askari moto wa chai ukiwaka. Niliutazama moto huo kwa makini, kwa kuwa kuni zake zilikuwa na umbo ninalolijua. Zilikuwa koor. Sajini Nzioka mwenyewe aliniambia: ngamia wale waliwanyima askari usingizi kwa kengele zao, akaamuru zivuliwe zote, na mpishi akaona mti mkavu haufai kupotea bure.

Alfajiri iliyofuata nilipofika kizuizini nilimkuta Mzee Bishar kwenye lango la boma pamoja na wanaume wengine wa kijiji. Amri ilikuwa kwamba mtu wa kijijini anayeweza kuthibitisha mnyama wake arudishiwe. Waliobaki wangeswagwa mbali adhuhuri hiyo kwa ajili ya serikali, na aliyeswagwa hivyo harudi. Basi kila mwanamume alikuwa akinyoosha kidole, na vidole vilikuwa vingi kuliko ngamia.

"Alama iko, bwana, angalia alama bajani," alisema mmoja.

"Alama zote ni moja," Sajini akajibu. "Huyu ana hiyo, yule ana hiyo. Hii ni alama ya ukoo mzima. Kidole pia si ushahidi. Mimi nina vidole kumi, sina ngamia."

Ninakiri kwamba hoja yake niliiona nzuri. Lakini nilimwona pia Mzee Bishar. Mtu yule aliyekuwa na neno la mzaha kwa kila kitu alikuwa amesimama kimya, akiwatazama wanyama wake kupitia miiba. Kisha akanigeukia, akaitazama baiskeli yangu, kiti chake, na kile kilichoning'inia chini yake.

"Fundi," akasema polepole, "wewe bita hapa. Bita kando ya ua. Basi."

"Nipite ili iwe nini?"

"Watakuja. Yangu itakuja. Hiyo ni sauti ya mama yao."

Sajini akacheka mpaka bereti ikasogea. "Ngamia afuate baiskeli? Mzee, jua limekupiga mapema."

Mimi sikucheka, lakini sikuamini pia. Nikamwambia Sajini kwamba jambo lenyewe linaweza kupimwa, na kwamba lipimwe sawasawa au liachwe. Niliifungua koor, nikampa Mzee Bishar aifunge ndani ya shuka isitoe sauti. Nikatoa kengele ya chuma mfukoni mwa vyombo, nikaipachika kwenye usukani, nikapita kando ya ua nikiilizia. Ikakohoa kama kawaida yake. Ngamia waliendelea kucheua. Mmoja alinigeukia, akatema mate, ndiyo salamu pekee niliyopata.

"Umeona?" akasema Sajini.

"Bado nusu," nikamjibu.

Niliifunga koor mahali pake, nikarudi mwanzo wa ua, nikakanyaga pedali.

Jike mkubwa aliyekuwa katikati ya boma aliinua shingo. Hakutazama bunda wala ndege. Alisukuma wenziwe, akatoka kwenye msongamano, akaanza kutembea sambamba nami ndani ya ua, na nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, kwa mwendo ule wao wa watu wanaokwenda msikitini bila kuchelewa. Nilipogeuza, waligeuka. Niliposimama, walisimama. Nilipofika langoni walifika langoni, wakaliegemea kwa vifua mpaka miti ikalia.

"Wee! Simamisha hiyo kitu!" Sajini akapiga kelele. "Utanivunjia boma!"

Nikashuka. Wote wakanitazama: askari, wanaume wa kijiji na ngamia. Hapo nikasema jambo lililomfanya Mzee Bishar anitazame kama niliyemuuma mkono. Nilisema, "Bwana Sajini, hili linaonyesha kwamba ngamia hawa wanaijua sauti hii. Halionyeshi ni wa nani. Koor ilikuwa kwangu. Pengine ni wangu."

"Ni wako?"

"Hapana. Nasema tu kwamba bado hatujathibitisha."

Nyinyi mtasema nilikuwa mkatili. Nilikuwa mkweli, nami sioni kwa nini ukweli upewe likizo kwa sababu jambo ni zito. Sajini akakuna kidevu. Kisha akafanya jambo la akili kuliko yote niliyomwona akiyafanya. Alisimama kati ya Mzee Bishar na lango, akawafunika ngamia kwa mgongo wake mpana, akauliza, "Mzee, wako ni wangapi?"

Kila mtu pale alikuwa amekwisha kuwahesabu waliokuja langoni. Walikuwa saba. Mzee Bishar naye alikuwa amewaona. Hakuhitaji ila kulitamka neno hilo moja na kwenda nyumbani.

"Sita," akasema.

"Wamekuja saba."

"Ndio. Yule ya sikio nusu sio yangu. Ni ya Dubow. Inakula bamoja na yangu, basi najua njia."

"Huyo Dubow yuko wapi?"

"Ana homa. Amelala kijijini."

"Ungesema saba, mimi ningejuaje?"

"Hungejua." Mzee Bishar akapangusa uso kwa ncha ya shuka. "Halafu mimi nakunywa maziwa ya Dubow na Dubow ana homa. Sajini, wewe ungemeza?"

Sajini Nzioka aligeuka, akawatazama ngamia, kisha akawatazama askari wake kama anayetaka wote wasikie. "Nimekaa kwenye kizuizi hiki tangu vita vianze," akasema. "Watu wamenidanganya majina, wamenidanganya dini, mmoja alinidanganya kwamba yeye ni kipofu. Sijaona mtu anarudisha mnyama. Fungua lango. Mzee, huyo wa Dubow mpeleke pia, akibaki peke yake atanililia mchana kutwa."

Wanaume wengine walibaki wamesimama. Nao walikuwa na ngamia mle ndani, na sina shaka ngamia hao wangezijua kengele zao. Lakini kengele zao zilikuwa zimechemsha chai. Mmoja wao aliokota kipande cha mti kilichoungua pembeni mwa jivu, akakitikisa karibu na sikio lake, akakitia mfukoni. Adhuhuri nilipotoka kwenda kula niliwaona ngamia waliobaki wakiswagwa, vumbi likiwafunika kuanzia miguuni. Hilo nililiona, wala sitaki mzaha juu yake.

Sasa basi, lango lilipofunguliwa wale saba walitoka, wakampita Mzee Bishar, wakaja kusimama nyuma ya baiskeli yangu.

"Twendeni," Mzee Bishar akawaambia kwa Kisomali, akapiga ulimi. Hakuna aliyesogea.

"Fundi!" akafoka Sajini. "Ondoa baiskeli yako na ng'ombe zake!"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtumishi wa serikali, mwenye cheti cha ufundi, alifika kazini saa nne siku hiyo, baada ya kusukuma baiskeli mpaka kijijini akiwa na ngamia saba nyuma yake kwa mstari ulionyooka kuliko gwaride. Mwalimu Njeru alinikuta njiani na wanafunzi wake. Akavua kofia, akasimama pembeni kama wapitapo wakubwa.

Kwenye ua wa kijiji Mzee Bishar aliweka mkono juu ya kiti changu.

"Fundi, nilisema siku akili ikifika nitachukua."

"Imefika?"

"Si uliona nani alitoka kwanza?"

Nikafungua ukanda wa ngozi. Yule jike mkubwa aliteremsha shingo mwenyewe, akavishwa koor ya mama yake. Alipoinua kichwa ikasema neno lake, na wote saba wakaisahau baiskeli papo hapo, kana kwamba hawajawahi kukutana nayo. Sijapata kudharauliwa kwa haraka namna ile.

Kuanzia hapo nikawa sina kengele. Ile ya chuma Sajini aliipiga marufuku kwa kuwa ilimtia kichefuchefu. "Basi imba," akaniambia. Mimi sikujua nyimbo. Shuleni nilifundishwa hesabu. Kwa hiyo kila alfajiri, nikikaribia kizuizi, nilikariri majedwali ya kuzidisha kwa sauti ya juu. Askari wakayashika. Nilipopaza "Saba mara nane!" sauti ilijibu kutoka nyuma ya magunia ya mchanga, "Hamsini na sita, pita!" Ninaamini kizuizi kile kilikuwa na hesabu nzuri kuliko afisi ya hazina, ingawa hilo sijalithibitisha.

Nilihamishwa kabla vita havijaisha. Kuhusu Mzee Bishar baada ya hapo nimesikia mengi. Wengine husema alihamia upande wa Kotile na ngamia wake wakazaana wakajaza bonde. Wengine husema walikanyaga bomu barabarani. Mmoja aliniapia kwamba mjukuu wake ana afisi Nairobi na ameitundika koor ukutani. Nimewauliza wote swali moja: ulimwona? Kila mmoja hunitajia mwingine aliyemwona.

Mimi nilichokiona ni asubuhi yangu ya mwisho. Nilikuwa natoka kuaga, sanduku limefungwa kwenye keria. Halima alinisimamisha karibu na ua wa kijiji, hakusema zaidi ya "Salaam, Fundi Koor," akanipa chombo cha kusukwa kilichonukia moshi. Ngamia sikuwaona, ua ulikuwa mrefu. Lakini ng'ambo ya miiba koor ilikuwa ikisema neno lake, na sauti ile ilikaa chini ya kiti changu muda wa kutosha, siwezi kuichanganya na nyingine. Nikanywa nikiwa nimesimama, mguu mmoja juu ya pedali. Maziwa yalikuwa na povu, na bado yalikuwa na joto la mnyama.